Zawadi ya Shemeji Ndani ya Dashibodi

Mume wangu hakuwahi kukimbiza gari maishani mwake. Nalisema hili mwanzoni ili mwielewe hasira yangu. Gari letu lilikuwa kuukuu, likipanda kilima cha Westville kwa kubembelezwa, na yeye mwenyewe aliendesha kama mtu aliyebeba trei ya mayai. Sasa mtu wa namna hiyo anahitaji chombo cha kunusa rada za polisi wa barabarani cha nini?

Hakukiomba. Alitumiwa. Kaka yake mkubwa aliyeko Ubelgiji alikichomeka katikati ya mzigo wa nguo za watoto, na kwa kuwa huko kimekatazwa, akaona kitatufaa sisi wa Durban. Kwamba Afrika Kusini nako kimekatazwa, hakuuliza. Na katika ukoo nilioolewa, ukoo wa watu wa Bukavu, zawadi ya yaya, yaani kaka mkubwa, haiuzwi, haigawiwi, haikai kabatini. Inatumika. Kila Jumapili baada ya ibada yaya alipiga simu, na kabla hajauliza hali ya watoto aliuliza:

"Chombo iko natumika?"

Mume wangu hawezi kumdanganya kaka yake. Mimi ananidanganya vizuri tu, kwamba bomba atalitengeneza kesho, kwamba mafuta yapo ya kutosha, lakini yaya, thubutu! Basi Jumamosi moja akachukua bisibisi, akalala chali chini ya usukani, miguu ikiwa nje barabarani.

Mimi wakati huo nilikuwa na jambo langu. Ilikuwa mwaka mmoja baada ya Kombe la Dunia, nami nilikuwa namtunza bibi mmoja mzee huko Westville. Miguu yake ilikuwa imeanza kumkatalia, na binti yake aliniambia bila kuzungusha maneno kwamba sasa wanahitaji mtu wa kumpeleka hospitali kwa gari. Nikipata leseni kabla ya mwezi kwisha, kazi ni yangu. Nisipopata, atatafuta mwenye leseni. Nilimpenda yule bibi. Tarehe ya mtihani wa udereva nilikuwa nimeisubiri kwa miezi, na sasa ilikuwa imebaki wiki moja tu.

Chombo kilikuja na karatasi yenye michoro. Niliisoma, kwa sababu hakuna mwingine aliyeisoma.

"Papa, hapa wanaonyesha tuchukue courant kwenye fuse," nikamwambia mume wangu. "Ile inayolala ukitoa ufunguo."

"Mama, mi najua courant tangu niko mutoto," miguu ilijibu.

Hapo ndipo mkasa wetu wote ulipoanzia. Courant, yaani umeme, anayoijua ni ya Bukavu. Kule umeme ukikatika wiki nzima unaleta betri ya gari sebuleni, unaunganisha redio moja kwa moja, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi, na nyumba nzima inasikiliza habari. Hakuna fuse wala ufunguo. Betri ikichoka inapelekwa kuchajiwa, maisha yanaendelea. Alifundishwa hivyo na nani? Na yaya. Kwa hiyo akapitisha waya mwekundu hadi kwenye betri yenyewe, akaufunga kwa utepe mweusi, safi kabisa, na chombo akakibandika kwa gundi nyuma ya plastiki ya dashibodi ili polisi wasikione.

Tangu siku hiyo kile kitu hakikulala. Ng'ambo ya barabara palikuwa na supamaketi yenye mlango unaojifungua wenyewe. Ukifunguka, chombo kinadhani ni rada, na sauti ya mwanamke inapiga kelele kwa Kifaransa: "Attention, radar!" Gari limezimwa, limefungwa, halina mtu, lakini yule Mfaransa yuko kazini.

"Kinakula betri," nilisema.

"Inakula kidogo tu," alisema.

Asubuhi ya mtihani nilivaa blauzi nyeupe niliyoipiga pasi mara mbili. Nikazungusha ufunguo. Kimya. Mume wangu akasema labda ni baridi. Baridi, Durban! Tukalisukuma, mimi na blauzi yangu, pamoja na Warundi wawili wa saluni ya chini, hadi likakohoa na kuwaka. Yeye akaendesha, na njiani akanipa somo moja tu.

"Usizime moteur. Hata ku robot, ku taa nyekundu, usizime."

"Na mpimaji wa mtihani akiniambia nizime?"

"Hawezi kukuambia."

Kitu cha kwanza alichoniambia mpimaji ni kuzima injini. Lazima gari likaguliwe kwanza, matairi, taa, honi. Nikamtazama mume wangu nje ya uzio, naye akatazama viatu vyake. Nikazima. Mpimaji, bwana mnene mwenye sare iliyonyooka ya polisi wa barabarani, akachukua ufunguo mkononi. Wakati huohuo mlango wa ofisi nyuma yake ukajifungua.

"Attention, radar!"

Akalitazama gari. Akautazama ufunguo.

"Eish, mama. Nani huyo?"

Ningeweza kusema ni simu. Lakini nilikuwa nimechoka, nimechoka na wanaume wa ukoo ule wote kwa jumla.

"Ni shemeji yangu," nilijibu. "Yuko Ubelgiji."

Alifungua boneti, akaufuata waya mwekundu kwa kidole hadi mwisho wake, akatikisa kichwa. Akaniuliza kama najua kwamba hili ni kosa. Nilijua. Akasema nikikitoa mbele yake, sasa hivi, ataliacha lipite. Nikaingiza mkono nyuma ya plastiki, nikavuta kwa hasira zangu zote, na chombo kikatoka na kipande cha dashibodi. Mpimaji akanirudishia ufunguo.

"Haya, washa."

Gari likasema tak. Nikajaribu tena. Tak. Gari lisilowaka halifanyiwi mtihani, na kusukuma gari uani pale hakuruhusiwi. Akaita mtu mwingine.

Mwisho wa mwezi nilimkabidhi mwanamke mwingine funguo za nyumba ya Westville. Nilimwonyesha dawa zinapokaa, na kwamba bibi anataka maziwa yatangulie kwenye kikombe kabla ya chai. Bibi aliniuliza nitarudi saa ngapi kesho. Nililia ndani ya teksi hadi mjini, na sikujali nani ananiona.

Jumapili simu ikalia. Mume wangu akaiweka spika, kama kawaida.

"Chombo iko natumika?"

"Kabisa, yaya," akajibu kwa adabu zake zote. "Tulifika ku polisi, ikalia."

Nikamnyang'anya simu.

"Shemeji, chombo chako kimemaliza betri yetu. Leseni nimekosa. Kazi imekwenda, na bibi wa watu sasa anatunzwa na mtu mwingine. Unanisikia? Nimepoteza kazi!"

 Sauti ya yaya kutoka Ubelgiji ilikuwa ya huruma ya kweli.

"Pole sana, shemeji. Ile ilikuwa mubaya. Mutulie, nitawatumia ingine."

"Aksanti sana, yaya," akasema mume wangu.