Neno Alilolikataza Wakili

Mtoto wa mdogo wangu aliuawa kwa risasi Marekani, akazikwa hukohuko, na sisi tukaweka msiba Nkunga nyumbani kwa mama. Watu walikuja wengi mpaka migomba ikakosa pa kusimama. Mvua nayo haikukubali kupitwa. Mvua yetu ya Rungwe hunyesha miezi kumi na mitatu kwa mwaka, na siku ile ilimwaga na ya mwaka unaofuata.

Aliyemuua ni jirani yao, kijana wa rika lake, nyumba ya tatu mtaa uleule. Walidharauliana kwenye simu, wenzao wakacheka, basi. Pale kijiweni kwa bodaboda, Bagamoyo ya hapa Rungwe, si ile ya pwani, ugomvi wa namna hiyo nauona mara mia kabla sijamaliza chai, na unaishia kwenye shati kuchanika. Kule mmoja alikuwa na bastola.

Baba mdogo, ambaye ndiye msemaji wa ukoo wetu, aliishika simu kwa mikono miwili kama bakuli la moto. Uso wa mdogo wangu ulikuwa umejaa kioo chote.

"Gwe, wewe mwanangu, huko mnakosema kuna kila kitu, watoto wanauana kwa nini?"

"Upande wetu wa mji hakuna kila kitu, baba. Kiwanda kilicholisha mtaa kilifungwa kabla sijafika. Benki zilikataa kuwakopesha weusi wa upande ule, nyumba zikaozea mikononi mwao. Shule nayo imefungwa. Polisi wanakuja kukamata tu. Kupata bastola ni rahisi kuliko kupata nyanya."

"Na baba zao wako wapi?"

"Wengine jela, wengine makaburini. Wengine kama mimi, kazi mbili, nyumbani tunafika kulala."

Wazee walikuja na maswali ya kumkaripia mtu, wakakosa wa kumkaripia.

Lakini mama alikuwa bado chini, kwenye mkeka. Kwenye ukoo wetu, mtu akiuawa, watu wa kwa aliyeua huja msibani. Hawapewi viti. Hukaa chini na kusema, "Mtoto wetu ndiye, tusameheni." Neno hilo likishasemwa, wafiwa hunyanyuka, huoga, hurudi vitandani. Bila hilo hakuna kunyanyuka.

"Si wanakaa mtaa mmoja?" mama aliuliza. "Amwite mama wa huyo kijana. Simu si ipo?"

Mdogo wangu alikwenda kumwita. Mama yule akaja kweli, asubuhi ya kwao na jioni ya kwetu, kitambaa kichwani, macho mekundu. Mdogo wangu alimkabidhi simu akatoka nje, kutafsiri alishindwa. Macho yote yakanigeukia mimi, msomi wa madarasa ya jioni pale Makandana, niliyemaliza kidato cha nne nikiwa na mvi za kutosha kujaza mto. Kiingereza changu kina matundu kama chandarua cha zamani, ila siku hiyo kilitosha. Heri kisingetosha.

"Muulize ana watoto wangapi," mama alisema.

Alikuwa nao wawili. Mkubwa alipigwa risasi kituo cha basi, na aliyempiga hajulikani hadi leo. Mdogo ndiye huyu aliyeko mahabusu. Alianza kutembea na bastola baada ya kumzika kaka yake.

"Ndaga," mama alisema, akimpa pole. "Kwa hiyo na yeye ana msiba. Anakaa na nani?"

"Peke yake."

Wanawake waliguna. Kwetu hata mchawi hukalishwa na watu.

"Mwambie simdai ng'ombe. Aseme lile neno tu, na mimi ninyanyuke."

Nikamwambia. Mwanamke yule alifunika mdomo kwa kiganja. Kisha akasema jambo nililomwomba alirudie, nikidhani matundu yangu ndiyo yamelivujisha. Hayakulivujisha. Wakili amemkataza. Akisema mtoto wake ndiye, akaomba msamaha, maneno hayo yanaweza kupelekwa mahakamani, na mtoto afie gerezani.

Nikatafsiri.

"Wakili ni wa ukoo gani?" mama aliuliza.

"Si wa ukoo wowote, mama. Amewekwa na serikali."

"Basi huyo wakili aje akae hapa chini!" baba mdogo alifoka. "Nilimpiga mtu na jembe ujanani, nikaenda kwao nikakaa matopeni. Sheria gani inamziba mtu mdomo asiseme nisamehe?"

Kwenye mitihani ya jioni nilipata B ya uraia, B ya halali kabisa, ila swali hilo halikuwemo.

Mwanamke alikuwa bado anatutazama. Midomo yake ilifunguka, ikafumbana.

"Zima," mama alisema. "Tunamtesa bure."

Maji ya kumwogesha mama yalikuwa yameshachemka. Wanawake walingoja, kisha wakayafulia nguo.

Sasa baridi ya Juni imeingia, ile inayomfanya kuku atage yai lililovaa sweta, na mama angali analala chini. Jumapili mdogo wangu alipiga, akauliza kama amerudi kitandani. Nilimwambia anangoja kesi iishe, huenda hapo mwanamke yule ataruhusiwa kusema.

"Imeahirishwa tena," alisema.

Nilikwenda nikamwongezea mama blanketi.