Mwalimu Hakusema La

Nyinyi vijana mnaosoma ukurasa huu, leo nawaambia kosa langu bila kuzunguka. Mwalimu wa historia aliyefundisha wengi wenu hapa Kitale amefariki, na Jumamosi tulimzika kwao Sirisia. Kwaya ya kanisa letu aliiongoza miaka mingi, kisha akaondolewa. Aliyemwondoa ni mimi.

Siku moja mjukuu wangu alitoka shule, nikamuuliza mimi bibi yake wamesoma nini. "Mungu wa jua wa Misri, kukhu." "Anaitwa nani?" "Ni La." Mimi shule sikukaa sana; la ninayoijua ni ile ya kukataa. "Ati Mungu ni la?" "Ndiyo, kukhu. Mwalimu amesema." Hata chai sikumaliza. Nilienda kwa wazee wa kanisa nikawaambia mwalimu wa kwaya anafundisha watoto kwamba Mungu hayuko. Jumapili iliyofuata wakamvua kwaya, bila kumuuliza neno.

Baadaye nilimkuta kwenye mashine ya kusaga. "Mama," akasema akicheka, "mimi nilisema Ra. Huu ulimi wetu wa Bungoma, wa kugeuza r kuwa l, ndio umenifukuza kwaya!" Akanieleza kwamba Wamisri wa kale waliona jua la asubuhi kama mdudu anayesukuma mavi, wakamwita Khepri, mchana ni Ra, jioni ni Atum, mzee aliyejiumba mwenyewe kutoka majini. "Na kuna Ptah. Yeye aliwaza moyoni, akanena, vitu vikawa." Nikamkatiza: "Si hiyo ni Mwanzo?" "Sasa umeingia darasani, mama!" Nikamkumbuka baba yangu, alivyokuwa akitoka alfajiri, anatema mate kuelekea jua, anamwomba Wele, Mungu wetu, atubariki. Na wazee wa kabila letu si walisema tulitoka Misri? Kumwambia mtoto watu wa kale waliamini nini ni kazi ya mwalimu, kama vile kulima ni kazi yangu. Hayo niliyaelewa palepale, lakini kurudi kwa wazee wa kanisa kusema nimekosea, aibu ikanishika. Nikanyamaza mpaka akafa.

Kaburini wazee wa kanisa wakakataza kwaya kumwimbia, ati alifundisha kwamba Mungu hayuko. Nikasimama. "Alisema Ra, mimi nikasikia la. Mwenye kosa ndiye huyu mnayemwona." Wengine walicheka. Mjane wake hakucheka. Kwaya ikaimba, na yeye aliyeifundisha hakusikia.

Nyumbani kwangu nimeshatoa amri: ukisikia ati mwalimu amesema neno baya, vaa viatu, nenda ukamuulize mwenyewe. Ukirudi, ndipo nitakusikiliza.