Debe la Mchele la Mama Hermelinda

Kidole kimoja hakivunji chawa, walisema wahenga. Wahenga hawakuwa na simu. Siku hizi kidole kimoja kinavunja shingo, kinavunja usingizi, na hapa Caño Garza, kijiji cha nyanda za wafuga ng'ombe, nusura kitoe kinubi cha ukoo nje ya nyumba yake.

Saa moja na nusu asubuhi. Hermelinda Tumay, mkandaji, anafumba macho. Mbele yake, juu ya kigoda cha ngozi ya ng'ombe, ameketi fundi pikipiki wa miaka kumi na tisa, shati mkononi. Vidole vya mama huyu, vinavyonuka mafuta ya ng'ombe na kafuri, vinapanda uti wa mgongo pingili kwa pingili. Vinafika shingoni. Vinasimama.

"Saa saba," anasema.

"Saa saba za nini, mama?"

"Za kuinama, kila siku. Na usiisingizie pikipiki. Pikipiki hula kiuno. Hii imekula shingo."

"Aa, unanionea! Nne. Tano, zikizidi sana."

"Basi itoe hiyo simu yako ikusute."

Watu tisa walio kwenye foleni barazani wananyoosha shingo. Kijana anaitoa simu, anabonyeza mahali inapojihesabia yenyewe saa inazotumika, anatazama. Anajikuna kisogo. Saa saba na dakika kumi na mbili.

"Yesu na Maria!" anasema bibi mmoja na kujipiga ishara ya msalaba. Hermelinda hata hajafumbua macho. Ameshaanza kukanda.

Ana miaka sitini na mmoja, na kazi hii aliianza akiwa na kumi na mmoja. Baba yake alimfundisha kwa ndama walioteguka miguu. "Ndama hasemi panapouma," anaeleza. "Ukishaweza kumsikiliza ndama kwa mikono, binadamu hawezi kukudanganya."

Kwa miaka mingi wateja wake walikuwa wachunga ng'ombe: bega lililong'olewa na kamba, mbavu zilizopigwa teke, goti lililobanwa kati ya farasi na nguzo ya zizi. Mfupa uliovunjika haugusi, huupeleka hospitali. Huduma moja ni peso elfu ishirini na tano, na asiye nazo huleta muhogo au jibini. Zamani katika kila wagonjwa kumi, tisa walinuka farasi. Leo sita kati ya kumi hawajafika umri wa miaka ishirini, na wengi wao hawajawahi kupanda farasi.

"Wanakuja na shingo za wazee na vidole gumba vya washonaji," anasema. "Nikiwauliza wamefanya kazi gani, wananiambia walikuwa wamepumzika."

Mwezi Februari aliletwa Maryori Barragán, miaka kumi na sita, mpiga kinubi.

Kinubi hicho kilikuwa cha babu yake marehemu, na kijiji kizima kilijua kwamba mkono wa babu umehamia kwa mjukuu. Kisha kidole gumba cha kulia kikaanza kuuma. Kikavimba penye kifundo. Ilifika mahali hawezi kushika kikombe.

Familia ikakaa kikao na kumpata mkosaji haraka: kinubi. Nyuzi thelathini na mbili, saa mbili kila jioni, mtoto wa kike, mkono mwembamba. Nani mwingine angekuwa na hatia? Kikafunikwa shuka. Mama yake, Yaneth, mpishi katika kambi moja ya wachimba mafuta iliyo mbali, akamtumia bintiye simu mpya, kubwa kuliko ile aliyokuwa akiishika kutwa, ili asihuzunike. Na kinubi kikaahidiwa kwa binamu wa mjini Yopal, ambaye angekuja kukichukua mwisho wa mwezi wa tatu iwapo kidole hakitapona.

Miezi minne kinubi kilikaa kimya chini ya shuka. Miezi minne kidole kilizidi kuvimba. Hakuna aliyeshangaa.

Hermelinda aliushika mkono wa binti, akaugeuza, akapita kila kidole taratibu, kisha akarudi kwenye kidole cha mwisho, kile kidogo. Akakipapasa upande wa ndani.

"Mwanangu, kinubi hupigwa kwa vidole vingapi?"

"Vinne kila mkono, mama."

"Hiki kidogo?"

"Hiki hakigusi uzi. Kinakaa tu."

"Kinakaa tu. Sasa niambie, kidole kinachokaa tu kimepata wapi hili bonde?"

Maryori alitazama. Palikuwa na kishimo pale, laini, kinachong'aa, upana wa ukingo wa simu. Kila mwenye kushika simu kubwa kwa mkono mmoja anaweza kukiangalia kidole chake sasa hivi. Mwandishi wa habari hii alikiangalia chake, akakificha mfukoni.

"Nilitaka kulia," anasimulia Maryori. "Miezi minne nimekinunia kinubi cha babu, kumbe hakijanifanya kitu."

Dawa ilikuwa mafuta ya moto kila asubuhi, kitambaa cha kufungia kidole, na siku ishirini bila simu. Hermelinda aliichukua simu, akaifunga kwenye mfuko wa nailoni, akaizika ndani ya debe la mchele jikoni kwake na kuweka kifuniko.

"Siku ya kwanza nilihisi kama nimesahau mguu mmoja nyumbani," anasema Maryori. "Nilikuwa naingiza mkono mfukoni, hamna kitu. Naingiza tena."

Lakini simu ile ilikuwa pia njia pekee ya mama yake kumpata. Maryori anaishi na bibi yake, ambaye simu yake ya vitufe huiwasha Jumapili tu, akitoka misa. Hermelinda alilijua hilo, na akafanya kama watu wa nyanda hizi walivyofanya siku zote mtu wao akiwa mbali: alituma ujumbe redioni.

Ulisomwa saa kumi na moja alfajiri, baada ya bei za ng'ombe. "Kwa Yaneth Barragán, mpishi kambini: mwanao yu salama na anakula vizuri. Kidole chake kinapumzika, na simu yake imelala kwenye debe la mchele kwa Hermelinda. Usiwe na wasiwasi."

Nyanda zote zilisikia. Walisikia wakamuaji, wapiga chapa ng'ombe, na watu wa ng'ambo ya mto. Yaneth peke yake hakusikia. Kambini hakuna redio. Kila mtu ana simu.

Yaneth alipiga mara arobaini na moja. Siku ya nne aliacha sufuria jikoni, akapanda basi saa sita nzima, kisha pikipiki, akatua kwenye baraza hili mbele ya foleni.

"Mwanangu yuko wapi, mwizi wewe?"

"Yuko jikoni anakunywa kahawa. Karibu, mwanangu, keti."

"Siketi! Nimepiga mara arobaini na moja!"

"Nilisikia. Ililia humo mcheleni siku mbili kama kifaranga aliyepotelewa na mama yake."

"Ukasikia na ukanyamaza?"

"Simu ya mtu ni barua ya mtu. Mimi sifungui barua za watu. Nilikutumia ujumbe redioni."

"Redioni! Nani anasikiliza redio siku hizi?"

"Mimi," ikasema sauti kwenye foleni.

"Na mimi," ikasema nyingine. "Mimi ujumbe wako ndio ulionileta hapa, dada. Shemeji yangu wa ng'ambo naye kasikia. Umebaki wewe tu."

Foleni iliangua kicheko. Yaneth hakucheka. "Nilijua amekufa," alisema. "Niombe radhi."

Hermelinda alifuta mikono kwenye aproni, akaita, "Maryori, njoo umwonyeshe mama yako."

Binti alitoka, akafungua kitambaa, akanyoosha kiganja. Kidole gumba kilianza kuvuka kiganja, taratibu, kama ng'ombe anayepima kina cha mto, kikafika ng'ambo, kikagusa shina la kidole cha mwisho. Hakukunja uso. Ni safari ya sentimita sita ambayo hakuwa ameifanya tangu Oktoba.

Yaneth alikishika kidole kile akakibusu. Kisha akainua kichwa. "La kidole, asante. La simu, bado nakudai radhi."

Hata hivyo, simu aliiacha kwenye debe. Zilibaki siku kumi na sita.

Mwisho wa mwezi wa tatu binamu wa Yopal alifika na gari, kamba, na blanketi la kufungia kinubi. Alikisikia kinubi kikilia kabla hajazima injini. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, mpaka wimbo ukaisha. Akarudi Yopal na mkate wa mchele tu.

Maryori amerudishiwa simu yake. Kila siku saa kumi na mbili jioni anaiegemeza kwenye birika la kahawa, anampigia mama yake, na haigusi tena; mikono iko kwenye nyuzi. Saa nyingine za siku hukaa kabatini, "au karibu zote," anakiri na kucheka. Huko kambini Yaneth huiweka yake juu ya rafu ya sahani. Anasema wapishi wenzake hufunga bomba la maji ili wasikie.

Kwenye sikukuu ya Mtakatifu Petro, mwezi ujao, Maryori atapanda jukwaani na kinubi cha babu. Baada ya sikukuu, Hermelinda ataingia shule ya kijiji. Mwalimu mkuu amemruhusu apite darasa kwa darasa akivikagua vidole vya mwisho vya wanafunzi wote mia moja na arobaini.

Yaneth amepata likizo ya siku tatu kuja kumsikiliza bintiye. Amemtumia mkandaji salamu kwamba anakuja pia kuchukua radhi yake, kwa zile simu arobaini na moja.

Hermelinda anasikia hayo huku vidole vyake vikiwa shingoni mwa mgonjwa mwingine, msichana wa miaka kumi na mitano. Hafumbui macho.

"Mwambie aje, nitamchinjia kuku," anasema. "Radhi siombi. Na debe la pili nimeshanunua."