Kidevu cha Mzee

Akiwa na wembe mkononi, hakuna mtu mtulivu kumshinda. Ndiyo maana wateja wamembandika jina la Taratibu. Lakini mwondolee wembe, mkalishe kwenye kiti cha kusubiri, utadhani kaingiwa na siafu. Ofisini kwa wakili, ghorofani juu ya duka la magodoro, alisimama na kukaa, akasimama na kukaa, mpaka karani akamuuliza kama anataka kuonyeshwa choo.

"Hapana, dada. Niko sawa."

Sawa wapi! Roho ilikuwa juu juu. Kwapani alibana mkataba wa ajira wa saluni kubwa ya hotelini, ile yenye viti vya ngozi na viyoyozi. Walimtaka yeye. Mshahara kila mwezi, wateja waje wasije, na juu ya mshahara, bima ya matibabu kwa familia nzima, baba yake akiwemo. Na baba yake ndiye aliyeihitaji hasa. Tangu apooze upande mmoja, mzee alikuwa akienda kwenye mazoezi ya viungo pale tu mfuko uliporuhusu, na mara nyingi haukuruhusu.

Mkewe alipoona neno bima, nusura apige vigelegele. "Weka sahihi leo leo, baba watoto, kabla hawajabadili nia!" Taratibu alikuwa ameshashika kalamu. Alipofika ukurasa wa tatu, kalamu ikamganda mkononi. Kifungu kilisema: mwajiriwa hatamnyoa mtu yeyote nje ya saluni, kwa malipo au bila malipo.

Sasa mzee je?

Maana mzee huyu, tangu maradhi yampinde mdomo, hataki mkono mwingine uguse uso wake. Kila Ijumaa asubuhi mwanawe humfunga taulo shingoni, humpaka povu, huvuta polepole lile shavu lililolegea, na mzee hufumba macho. Nesi alijaribu mara moja, akafukuzwa kwa bakora. Binti yake wa kumzaa alipojaribu, aliambiwa akamenye vitunguu.

Wakili alikuwa mama wa makamo, nywele fupi, zimekatwa vibaya nyuma ya sikio. Hilo Taratibu aliliona kabla hajaiona hata meza. Wakili alisoma mkataba wote bila kuinua macho. Taratibu akasimama, akachungulia dirishani, akakaa.

"Tulia, kaka. Ukinichanganya mimi, utakayelia ni wewe."

"Umeuona ukurasa wa tatu?"

"Nimeuona. Wanaogopa usije ukahama na wateja wao, hilo naelewa. Ila wameandika kwa pupa, wakazoa mpaka ndugu zako."

"Kwa hiyo baba yangu ni mteja?"

"Kwa karatasi hii, kila mwenye nywele ni mteja."

Taratibu akashusha sauti. "Na nikimnyoa kimyakimya? Nani atakuja kuchungulia chumbani kwa mzee?"

"Mkono wako unajulikana?"

Looo! Unajulikana kupita sura yake. Ule mstari anaouchonga chini ya taya ya mteja, vinyozi wenzake huutambua kutoka ng'ambo ya barabara. Na mzee, akishanyolewa, hapendi kukaa ndani. Hutaka atolewe barazani watu wamwone. Taratibu akaitikia kwa kichwa, na wakili akaelewa.

Akapiga simu palepale kwa meneja wa saluni. Aliomba maneno machache tu yaongezwe: isipokuwa wazazi, mke na watoto. Sauti ya meneja ilisikika mpaka upande wa pili wa meza. "Mkataba ni mmoja kwa wote, mama. Kesho tunataka jibu. Kuna mwingine anasubiri."

Wakili akaweka simu chini. "Wamekataa. Barua nitawaandikia, lakini hawatakungoja. Ushauri wangu ni huu, kaka: ukiweka sahihi, iheshimu. Usiweke sahihi huku umeshapanga kudanganya, maana siku wakikufukuza, na bima itaondoka na wewe."

Taratibu alirudi kwa miguu, akapitiliza njia ya kwao, akarudi, akapitiliza tena. Jioni aliweka mkataba mezani. "Siweki sahihi."

Mkewe akamtazama kama mtu aliyerukwa na akili. "Yaani unaacha tiba ya baba kwa ajili ya ndevu za baba?"

"Si ndevu."

"Ni nini basi?"

Angesemaje? Kwamba yeye na baba yake hawajawahi kukumbatiana tangu aanze shule. Kwamba kugusana kwao ni kule tu, Ijumaa, povu likiwa katikati. Alimpenda mzee wake, na hakuwa na njia nyingine ya kumwambia. Upande wa pili wa pazia la mlango wake, mzee akakohoa.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya maji kwenye beseni. Akafunua pazia. Mzee alikuwa juu ya stuli, taulo shingoni, povu mpaka masikioni. Mbele yake mke wa Taratibu, wembe mkononi, na damu kidogo kidevuni kwa mzee.

"Baba! Nani kakuambia..."

"Nimemwita mimi." Mzee aliyavuta maneno kwa ule mdomo uliopinda. "Ananikwangua kama sufuria iliyoungulia. Lakini atajua. Wewe nenda ukafanye kazi ya hotelini."

"Nitamuua mzee wa watu," mkewe akasema, machozi yakimtoka.

Taratibu akanyoosha mkono kuuchukua wembe. Mzee akatikisa kichwa. Mkono ukarudi, ukaingia mfukoni, ukatoka na simu.

"Wakili, samahani, najua ni mapema. Kufundisha kumo?"

"Kufundisha nini?"

"Kunyoa. Wamenikataza kumfundisha mtu?"

Karatasi za nakala aliyobaki nayo wakili zikasikika zikifunuliwa, moja baada ya nyingine. "Hakumo."

"Una uhakika?"

"Kaka, nimeusoma mpaka nukta ya mwisho. Hakumo."

Basi akasimama nyuma ya mkewe, mikono ameifunga mgongoni. "Vuta ngozi kwanza. Kwa kidole gumba. Sasa laza wembe. Usiusukume, uache uteleze." Huku nyuma, vidole vyake vilikuwa vikivuta shavu ambalo hakulishika. Alitaka kulia, akaendelea kuelekeza.

Mzee akafumba macho. Kisha akafumbua moja, lile la upande mzima.

"Uko wapi?"

"Niko hapa, baba."

"Usiondoke kwanza."

Hakuondoka. Alisimama palepale, mguu haukucheza, mpaka kidevu chote kikaisha.