Zamu ya Saa Kumi na Mbili

Treni ilimshusha Irja Kemppainen stesheni ya Kajaani, Finland, saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa limeshazama. Baridi ilimngoja mlangoni mwa behewa. Juzi, saa kama hiyo, alikuwa ameketi kwenye roshani ya binti yake kule Hispania, kandambili miguuni, akimenya chungwa.

Sanduku lake la magurudumu halikuijua theluji. Alilikokota kama jembe la kukokotwa na ng'ombe, akisimama kila nguzo ya taa kuvuta pumzi. Alikuwa na miaka sabini na mbili, na thelathini kati ya hiyo aliimaliza amesimama kwenye jiko la shule akikoroga supu ya njegere. Magoti yake yalikuwa na kumbukumbu nzuri.

"Mama, hamia huku," Heini alikuwa amemwambia. "Chumba ni chako. Usinijibu sasa. Jumamosi nipigie."

Leo ilikuwa Jumamosi, na jibu alikuwa nalo. Njia nzima alilikariri: nakuja.

Nyumbani alikuta ua la dirishani limekauka. Alikaa kitini na koti lake, usingizi ukamchukua, na alipozinduka ilikaribia saa kumi na mbili jioni. Kabla ya kupiga simu aliona heri kwanza afanye jambo la kiungwana: ashuke chini akafute jina lake kwenye orodha ya sauna ya jengo, chumba cha kuogea mvuke ambacho wapangaji huingia kwa zamu. Zamu ya Jumamosi haipatikani ovyo. Yeye na marehemu mumewe waliingojea miaka kumi na mmoja.

Alishuka na kalamu mkononi. Jina lake lilikuwa limeshafutwa. Juu yake liliandikwa: Pikkarainen.

Alikuja kulifuta mwenyewe, lakini kulikuta limefutwa kulimchoma.

Mara Urho Pikkarainen, mgane wa ghorofa ya kwanza, akatokea na taulo begani. Pua yake ilikuwa imebabuka.

"Umerudi," alisema.

"Nimerudi. Naona mlishanizika."

"Nani kakuzika?"

"Jina langu liko wapi, Bwana Urho?"

Urho alijikuna shingo. "Yule msusi wa juu alikuwa anaikodolea macho zamu yako. Kanuni unaijua: Jumamosi tatu bila kuonekana, zamu inakwenda kwa anayefuata. Nikasema tumebadilishana."

"Si wewe una ya saa moja?"

"Ninayo. Naingia saa kumi na mbili, natoka saa mbili, ili yako isionekane tupu. Jumamosi tatu sasa."

"Saa mbili nzima ndani ya moto? Umebabuka kuliko mimi niliyetoka juani. Si ungekaa tu nje hapa, ukasoma gazeti?"

Urho alimtazama kana kwamba ameambiwa akaibe. "Kuandika jina ulikuwa udanganyifu wa kutosha, Bi Irja."

Irja alitaka kucheka, ila uchovu ukamzuia.

"Haya, ingia, saa ni yako," Urho alisema. "Na kesho kuzoa theluji ya mlangoni ni zamu yako. Nimekufanyia mbili. Ya tatu sifanyi. Koleo liko palepale."

Irja aliingia. Alikaa benchi la chini, maana la juu lilikuwa mbali kwa magoti yale, akamwagia mawe ya moto maji na kuinamisha kichwa. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kule Hispania alikaa wiki tatu, na hakuna aliyempa hata kikombe aoshe. Kaa tu, Mama. Kila siku, kaa tu. Na kukaa huko kulimchosha kuliko masufuria yote ya shule.

Alipotoka, simu ilikuwa inaita mfukoni mwa koti.

"Mama, mbona hupokei? Nimepiga mara nne."

"Ilikuwa zamu yangu."

Heini alizaliwa katika jengo hilohilo. Aliijua zamu hiyo. "Bado unayo?"

"Ninayo. Wamenitunzia."

"Kwa hiyo huji."

"Nilikuwa nakuja, mwanangu. Tangu asubuhi nilikuwa nakuja." Irja alijiegemeza ukutani. "Lakini kesho nina theluji."

"Mama, umechoka. Nasikia sauti yako."

"Nimechoka sana. Ila wewe ungeniambia nikae tu."

Heini alishusha pumzi. "Na haya machungwa nimpe nani?"

"Mpe mumeo amenye mwenyewe. Tutaongea kesho mchana."

Wino wa kalamu ulitoka kwa shida. Ilimbidi Irja achore nayo mara tatu pembeni mwa orodha ya sauna kabla haijakubali. Akakata jina la Pikkarainen kwa mstari mmoja, akaandika lake upya, kisha akashika reli ya ngazi na kuanza kupanda, kidato kimoja kimoja.