Makofi kwa Binti wa Tai

Sisi tuliokulia mtaa wa Al Khuwair, hapa Maskati, wakati wizara nyingi zilikuwa bado zinajengwa, ukivuma upepo unakunywa chai na mchanga wake, tunajuana mpaka leo hata tukikutana kwenye foleni ya magari. Nyumba zetu zilikuwa za watu waliorudi kutoka Unguja. Ndani tulizungumza Kiswahili, uchochoroni Kiarabu, na skuli mwalimu wetu wa Kimisri alituhakikishia kwamba vyote viwili tunaviharibu. Jioni wasichana tulicheza rede kwa mpira wa soksi kuukuu, na miguu ikichoka tulikaa barazani kucheza mdako kwa vijiwe mpaka magharibi, vidole vyeupe kwa vumbi. Hakuna aliyethubutu kusema amechoshwa na kukaa bure, maana mama akikusikia anakupa ufagio. Watoto wa siku hizi huchoka wakiwa wamelala kwenye kochi, kiyoyozi kinawapepea na simu iko kifuani.

Ningependa kuendelea na rede, lakini nina hasira, na bora niseme mapema. Ijumaa iliyopita tulikuwa Qurum, nyumbani kwa mdogo wangu Seif, ukoo mzima tumeegemea mito baada ya biriani. Binti yake Zuwena, aliyemaliza chuo juzi juzi, akatuwekea filamu ya makala kwenye televisheni. Ilikuwa habari ya msichana wa Kikazakhi, kwenye milima ya theluji huko, ambako wanaume huwinda mbweha kwa tai, na kazi hiyo baba humrithisha mwana wa kiume tu. Msichana yule akasema naye anataka. Wazee wenye kofia za manyoya wakatikisa vichwa: mwanamke hana nguvu, ataogopa, baridi itamuua, kazi yake ni kuchemsha chai. Baba yake akawasikiliza wote, kisha akampa mwanawe glavu ya ngozi na kumfundisha. Tai alipotua juu ya mkono wa mtoto yule, na mkono usitikisike, sebule nzima ilipiga makofi.

Seif ndiye aliyepiga makofi kuliko wote. Mwanamme mzima wa ndevu nyeupe, mwenye kiwanda cha halua kule mtaa wa Ghala, alijifuta machozi kwa mkono wa kanzu.

"Mashallah, mashallah!" akasema. "Huyo baba ndiye baba. Wallahi ningekuwa karibu yake ningembusu kichwa."

Mimi sikupiga makofi. Nilikuwa namtazama ndugu yangu, na puani imenijia harufu ya nyumbani kwetu zamani.

Kila mtu wa rika langu ana harufu ya utoto wake. Mmoja atakwambia udi, mwingine papa mkavu. Yangu mimi ni halua. Baba alikuwa mpishi wa halua, kama babake alivyokuwa Unguja, na jiko lake lilikuwa nyuma ya nyumba yetu: kibanda cha mabati, masufuria makubwa ya shaba juu ya meko, magunia ya sukari yameegemea ukuta. Asubuhi niliamka kwa moshi wa kuni, ikafuata sukari inayochemka, ikafuata samli, na mwisho zaafarani, hiliki na marashi mawaridi. Nilikwenda skuli nywele zinanukia sikukuu, na wenzangu wakinifuata nyuma kama nyuki.

Baba alinifundisha kukoroga. Nilikuwa mtoto wake wa kwanza, Seif bado anatambaa, na yeye alitaka mtu wa kuzungumza naye, kwa sababu halua haiachwi mkono. Ukiiacha kidogo tu inashika chini, na ikishika chini imekwisha. Alinisimamisha juu ya kreti la soda, akaweka mikono yangu chini ya yake kwenye mwiko ulionizidi urefu. "Usiipige, mwanangu," alikuwa akisema. "Ipeleke. Iende chini, izunguke, irudi." Nikaipeleka. Nikajifunza kujua kwa uzito wa mwiko imefika wapi, na kuona samli inavyoanza kujitenga pembeni ikang'aa. Siku moja akaniachia sufuria peke yangu, akakaa mlangoni na kahawa yake. Ilipoiva akaionja, akafumba macho, akasema, "Mkono wa babu yako huu." Nimefanya kazi wizarani mpaka nikastaafu, nimepewa vyeti na ngao za shukrani, na sijapata sifa iliyofika hapo.

Kisha nikawa mwari. Ami Khalfan, kaka yake baba, aliingia kibandani asubuhi moja akanikuta na mwiko, akasimama kama mtu aliyekuta mbuzi msikitini.

"Huyu mtoto mwanamke keshakuwa mkubwa," akamwambia baba. "Wateja wanaingia hapa. Tena halua ikiingiliwa na mwanamke haigandi, hayo tumeyakuta kwa wazee."

Baba hakubishana. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba hakubishana. Halua yangu alikwisha kuila na kuiuza, na watu wakarudi kuitaka tena, wala haikukataa kuganda hata mara moja. Alinitoa mwiko mkononi taratibu, akamwita Seif, aliyekuwa ndiyo kwanza anaota meno ya pili ya mbele, na ambaye hakuutaka kabisa. Seif alilia. Moto ulimchoma, moshi ulimtia machozi, alitaka kwenda kucheza mpira na wenzake. Yeye analilia kutoka, mimi nalilia kuingia, na wakubwa wawili wamesimama katikati wanatwambia ndiyo mila.

Haukupita muda halua ikaungua. Seif aliutupa mwiko akatoka mbio kutazama gari jipya la jirani, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni tu, nimeleta chai. Sufuria nzima ikashika chini, harufu ikafika barabarani. Basi kosa akabandikwa nani? Mimi! Eti kivuli changu kimeingia jikoni. Seif akapewa peremende anyamaze. Halua yenyewe, kwa kuwa haiuziki, ikaletwa ndani tuile sisi wanawake, na mama akaniambia, "Kula, mwanangu, utamu ni utamu." Nikala, na ukoko wake ulikuwa mchungu.

Sasa rudini nami Qurum. Makofi hayajapoa, Zuwena akazima televisheni, akaja kukaa mbele ya baba yake. Kumbe filamu ile hakuiweka kwa bahati.

"Baba," akasema, "na mie nataka kukoroga. Nifundishe. Nataka niwe nawe Ghala, siku ukichoka nikishike mie kiwanda."

Seif akacheka, akidhani ni mzaha. Alipoona mtoto hacheki, uso ukambadilika.

"Khaa! Ghala, mwanangu? Kule magereji matupu, wanaume watupu. Njoo ofisini unitazamie matangazo ya mtandaoni. Halua ntakukorogea mie."

"Sitaki matangazo, baba. Nataka mwiko."

"Zuwena, sisi tuna mila."

"Na yule msichana?"

"Yule Mkazakhi!" akasema Seif, na wala hakuona haya. Machozi aliyomlilia Mkazakhi yalikuwa bado hayajakauka kwenye kanzu yake.

Hebu niambieni, katika kiwanda cha Seif anakoroga nani leo? Si yeye, mgongo wake umekwisha. Si wanawe wa kiume, ambao hawajui kama unaanza na wanga au sukari, na wakisikia neno jiko wanakumbuka wana miadi. Wanakoroga vijana wa kuajiriwa waliokuja kutoka ng'ambo, watu wema na wachapakazi, na Seif aliwafundisha mwenyewe, akiwashika mikono kama baba alivyonishika mimi. Vijana hao sina neno nao, wanakula jasho lao. Neno langu ni kwa ndugu yangu. Ni mila gani hii, ambayo mtu akishuka kwenye ndege anapewa siri ya babu zetu, na binti aliyezaliwa ndani ya harufu ile anaambiwa akatazame matangazo?

Nikaweka kikombe chini.

"Seif," nikasema. "Baba alipofariki tulirithi. Mie nikapata nusu ya chako, ndiyo sheria ya Mungu, sikunung'unika. Fungu langu la jiko lake limo mle kiwandani mpaka leo. Hujanilipa unitoe, na sijatoka."

"Sasa hayo yamekujaje, da Salma?"

"Yamekuja kwa kuwa nna changu Ghala. Zuwena atakorogea fungu langu."

"Watu watasema, dada yangu."

"Wale wazee wa kofia walisema pia, na wewe sasa hivi ulikuwa unawacheka."

Seif akanyanyua kikombe chake, ambacho kilikuwa kitupu, akanywa. Zuwena alikuwa ameinamisha kichwa anavuta uzi wa zulia. Mwisho ndugu yangu akasema, bila kumtazama yeyote, "Jumamosi ya wiki ijayo. Lakini aje na wewe. Peke yake sikubali."

Tangu siku hiyo nimekuwa nikipima zamani na sasa, na sijui nikasirikie ipi zaidi. Ami Khalfan, Mungu amrehemu, hakupata kuona mwanamke amebeba tai. Aliamini alichokisema, akanifukuza waziwazi, na nikajua nimefukuzwa. Hawa wa leo wameona kila kitu. Wanalia, wanapiga makofi, wanambusu kichwa baba wa watu, halafu wanamgeukia binti yao na kumwambia wewe hapana. Ile ya zamani iliniumiza, na hii nimeiona ni matusi. Pamoja na hayo utoto ule naupenda, moshi na mchanga wake, na natamani baba angekuwa hai Ijumaa ile akaiona filamu. Ningependa kujua kama naye angepiga makofi, na angenitazama kwa jicho gani.

Jumamosi hii nitampitia Zuwena mapema, kabla barabara haijajaa. Mimi mwenyewe sitakoroga. Bega langu la kulia halinyanyuki tena, hata mtandio naufunga kwa mkono wa kushoto. Nitaomba kiti nikae karibu na moto nimtazame. Nilipokuwa na mkono, mwiko nilinyang'anywa. Leo mwiko nimeupata, mkono sina. Zuwena anavyo vyote viwili.