Goti la Mama Umaru

Koboko nzima ilijua kwamba Tahiru, fundi cherehani wa pale sokoni, hakuoa mke, alioa goti. Maneno hayo yalianzishwa na wanaume wenzake waliomkuta akitoka kisimani na ndoo ya maji, mtu mzima na mvi zake, na mke yuko nyumbani amekaa. Tahiru hakuyakana. Aliwajibu kwamba goti alilooa yeye lilitoka Ulaya, na wake zao wao walikuwa na magoti ya hapahapa, basi wasijilinganishe.

Na kweli lilitoka Ulaya. Mkewe, Rabia, yaani Mama Umaru mwenyewe, alisagika goti lori lilipopinduka njia ya Arua, akakaa miaka akitembelea fimbo. Mwaka 1971 daktari mmoja Mzungu, katika hospitali kubwa huko Kampala, akalitoa lile bovu na kumtia la chuma, lenye bawaba ndani kama ya mlango. Siku ya kuruhusiwa alimwita Tahiru kando, na muuguzi akatafsiri. Mfupa huugua ukapona, alisema, lakini chuma hakiponi, hutunzwa tu. Mama asipige goti, asichuchumae, asibebe mzigo kichwani, asinenepe. Atembee kila siku ili mguu upate nguvu. Akitoka jipu au akioza jino atibiwe upesi, maana uchafu ukiingia kwenye damu huweza kufika kwenye chuma. Na goti likikaa kimya miaka, kisha likaanza kuuma anapoinuka, au likavimba, au likalia, au mguu ukaegemea upande, wasingoje, warudi kwake. Tahiru alirudi Koboko amelishika neno hilo la mwisho kuliko yote. Warudi kwake.

Akalitunza goti kama yai. Alimwagiza seremala kiti chenye tundu, kikawekwa chooni. Akamchongesha kingine cha kuswalia. Rabia akimega kipande cha tatu cha muhogo, mumewe humtazama mpaka akirudishe.

Shida ilikuwa kwenye salamu. Kwetu mwanamke humpigia goti mkubwa wake, na goti lisilopigwa ni tusi. Wazee wa kwao Rabia walipokuja kutoka Dranya, Tahiru aliwawahi mlangoni na habari za chuma kabla hawajakaa. Wao walielewa. Asiyeelewa alikuwa Madinah, dada yake mkubwa Tahiru. Aliuliza kama yeye pia atasalimiwa kwenye kiti kama anavyoswaliwa Mwenyezi Mungu, akaondoka, na kwa muda mrefu hakula chakula cha nyumba ile. Rabia alilia. Alitaka apige goti mara moja tu, ya mwisho, wifi yake aridhike. Tahiru alikataa katakata, akakosana na dada yake kwa ajili ya bawaba.

Wakati huo Mzungu mwenyewe alikuwa ameshaondoka nchini, kama walivyoondoka wageni wengi. Tahiru alizipata habari hizo kwa watu wa malori. Hakumwambia mkewe. Alijisemea kwamba goti halina ugonjwa, na asiyeumwa hamtafuti daktari.

Mwaka 1978 Rabia alianza kuimba. Enzi za usichana wake alikuwa mwimbaji wa doluka, ngoma ya harusini, lakini tangu lile lori hakuwahi kuimba tena. Sasa alikwenda jikoni akiimba, akarudi akiimba. Tahiru alifurahi mpaka akajigamba sokoni kwamba chuma cha Ulaya kikikaa sana huzaa nyimbo. Maskini, kuishi kwingi ni kuona mengi.

Idi ilipokaribia alimshonea mkewe gauni kwa kitambaa cha Kongo, na kwa uzi wa mwisho aliokuwa nao, maana madukani ulikuwa umekwisha. Rabia alipolivaa, pindo liligusa chini upande mmoja. Tahiru akalaumu mkasi, akafumua, akashona upya. Likagusa palepale. Safari hii yeye ndiye aliyepiga goti, akainama miguuni pa mkewe na pini mdomoni. Akaona kwamba gauni limenyooka sawasawa. Kilichopungua urefu ni mguu, na ulikuwa umeegemea nje.

Rabia aliuliza kama limekaa vizuri. Tahiru, pini bado mdomoni, akatikisa kichwa kukubali, kisha akalipinda pindo lifuate mguu.

Tangu siku hiyo akaanza kusikiliza. Akagundua kwamba Rabia akikaa kuchambua maharage haimbi kabisa. Huimba akitembea tu. Asubuhi moja wimbo ulikatishwa na kikohozi katikati ya chumba, na katika hatua zile chache Tahiru akasikia mlio mdogo mkavu, ka, ka, chuma juu ya chuma. Rabia akaokota wimbo wake haraka na kuendelea.

Tahiru akaaga kwamba anakwenda Arua kutafuta uzi. Daktari kijana wa huko alimsikiliza mpaka mwisho, na hakumdanganya. Filamu ya kupigia picha ya mfupa hakuwa nayo. Alisema bawaba imelegea kwenye mfupa, au imelika, au yote mawili, na kwamba goti la namna ile alikuwa ameliona kitabuni tu. Linamtaka aliyelitia au mwenzake, na hapa nchini hakumjua aliyebaki. Akampa vidonge vya maumivu. Tahiru akarudi bila uzi, na vidonge mfukoni, asijue atavitoa kwa maneno gani.

Usiku na mchana alitafuta la kufanya, akakosa. Alimkasirikia Mzungu, akakikasirikia chuma, akajikasirikia mwenyewe kwa ile miaka aliyoihesabu kuwa ushindi. Zaidi ya yote aliogopa swali moja. Akimwambia mkewe kwamba anajua, mkewe atauliza watafanya nini, na yeye jibu hana. Basi akanyamaza.

Ila wimbo ulikuwa unamchosha Rabia. Pumzi zilikuwa zikimwishia kabla ya kufika jikoni. Tahiru akaihamisha cherehani kutoka sokoni akaiweka nyumbani, akisema huko wateja wamepungua, jambo ambalo halikuwa uongo. Kila mkewe alipoinuka, yeye alikanyaga. Cherehani ile kuukuu ilikuwa na kelele za kutosha watu wawili. Polepole sauti ya Rabia ikashuka, halafu akaacha kuimba, akawa anakwenda na kurudi ndani ya kelele za cherehani, na Tahiru hainui macho.

Alasiri moja Rabia alisimama mlangoni na sufuria mkononi, akaitazama cherehani.

"Baba Umaru," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "uzi hakuna Koboko mzima. Wewe nashona na nini?"

Tahiru aliangalia sindano. Tundu lake lilikuwa tupu, na chini yake hapakuwa hata na kitambaa.

"Na wewe, Mama Umaru," akajibu, "naimba arusi ya nani?"

Akaondoa mguu kwenye kanyagio. Rabia aliweka sufuria chini, akaja kwake bila wimbo, na kwa mara ya kwanza walilisikia wote wawili pamoja, ka, ka, hatua kwa hatua, mpaka alipofika na kumshika bega.

"Iko nalia tangu Ramadhani," akasema.

"Mimi najua."

"Sasa tutafanya nini?"

Mkono wa mkewe ulikuwa mzito begani, maana sasa alikuwa amemwegemea kweli. Mguu wa Tahiru ukarudi wenyewe kwenye kanyagio, na cherehani ikaanza tena.